UZI: Kuitunza ETC Express 250 iendelee kufanya kazi na taa za LED, flashi za USB na kompyuta za leo

#1 – Kamba na Taa

Wakuu, habari za kazi.

Ukumbi ni wa shule, uko pwani. Konsoli ya taa ni ETC Express 250, inaendesha raki moja ya dima 24 za ampia 10, taa za halojeni. Sasa zimeongezwa taa 12 za LED aina ya PAR, na meza ya sauti inatumia Mac yenye QLab (programu ya kuendesha sauti za onyesho). Fedha ya konsoli mpya haipo. Hali ilivyo:

Kiendeshi cha flopi kinasoma diski pale kinapotaka. LED zinapepesa, hasa taa za halojeni zikiwa katikati ya kufifia. Rangi zinaruka badala ya kubadilika taratibu. Vitelezi vitatu vya sabmasta (kila kimoja kinashika kundi la chaneli) vinatetemesha taa vikisukumwa. Na chaneli (namba za udhibiti ndani ya konsoli) zinaelekea kuisha.

Nahitaji hatua, si ushauri wa "nunua mpya". Karibuni.

#2 – Fundi Dima

Mkuu, kabla hujafungua skrubu hata moja: hizo LED zinachukua umeme wapi? Kama zimechomekwa kwenye soketi za dima, mpepeso unaanzia hapo na hakuna marekebisho ya DMX (ishara inayobeba viwango vya mwanga kutoka konsoli hadi taa) yatakayoutibu.

Dima ya thairista (swichi ya kielektroniki) hukata wimbi la umeme. Hata ukiiweka asilimia 100, umeme bado unapita kwenye thairista na koili yake. Pawa saplai ya LED inataka wimbi zima la V 230. Ikipewa lililokatwa, kapasita zake za kuingilia huvuta mkondo kwa vishindo, hupata joto, na taa hufa mapema hata kama leo inawaka vizuri.

Tiba ni laini ya moja kwa moja kutoka kwenye bodi ya umeme, isiyopita kwenye dima. Chukulia kila LED ni wati 100: kumi na mbili ni wati 1200, sawa na ampia 5.2 kwenye V 230. Inaonekana ndogo, lakini zikiwashwa pamoja mkondo wa sekunde ya kwanza ni mkubwa kuliko huo mara nyingi, na bureka ya aina B hukatika bila kosa. Zigawe sakiti mbili za taa sita, bureka aina C ya ampia 16, na ethi ya kweli. Kazi hii afanye fundi umeme mwenye leseni.

Kama raki yako inapokea moduli za rilei badala ya za dima, hiyo nayo ni njia safi, na inakupa uwezo wa kuzizima LED ukiwa kwenye konsoli.

Utaratibu ninaoushauri: kwanza okoa maonyesho (kumbukumbu za taa) yaliyo kwenye diski, pili umeme, tatu nyaya za DMX, mwisho kabisa pachi (orodha ya anwani ipi ya taa inashikwa na chaneli ipi). Watu wengi huanzia kwenye pachi na kurudi nyuma mara nne.

#3 – Mlehemu

Naunga mkono kuokoa diski kwanza. Flopi za zamani zilizokaa pwani huota ukungu. Sogeza kile kibati cha diski, tazama uso wake kwenye mwanga. Ukiona madoa meupe au ya kijivu, usiitie kwenye kiendeshi: ukungu utashika kichwa cha kusomea, na kichwa hicho kitakwaruza diski nzima zinazofuata.

Safisha kichwa kwa pamba ya kijiti iliyoloa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Telezesha, usikandamize, kichwa cha juu kinashikiliwa na springi nyembamba inayopinda.

Kisha tengeneza taswira (nakala kamili ndani ya faili moja) ya kila diski kwenye kompyuta. Kiendeshi cha flopi cha USB kinatosha kwa diski za MB 1.44. Kwenye Linux:

`ddrescue -d -r3 /dev/sdX onyesho1.img onyesho1.map`

Badala ya sdX weka jina halisi la kiendeshi. Lisome kwa `lsblk` kabla, ili usije ukasoma kwingine. Faili likikamilika liwe na baiti 1,474,560 kamili, yaani sekta 2880 za baiti 512. Likipungua, diski haijasomwa yote.

Kuna hali moja ya kuangalia sana. Kiendeshi cha konsoli kinaweza kuwa kimehama mstari wake kidogo kwa miaka. Diski kilizoandika chenyewe kinazisoma, kompyuta haizisomi. Ikitokea hivyo usiking'oe bado: pakia onyesho kutoka diski hiyo hadi kwenye kumbukumbu ya konsoli, badilisha kiendeshi, kisha hifadhi upya kwenye kiendeshi kipya. Njia hii inategemea betri ya kumbukumbu iwe hai, kwa hiyo jaribu kwanza: pakia onyesho lolote, zima dakika kumi, washa, uone kama bado lipo.

Baada ya hapo weka Gotek badala ya flopi. Ni kifaa cha ukubwa uleule wa kiendeshi cha inchi 3.5, kina kebo ileile ya pini 34, ila mbele kina tundu la flashi. Nunua yenye programu ya FlashFloppy tayari ndani pamoja na kioo kidogo cha OLED. Programu ya kiwandani inataka flashi igawanywe kwa namna yake, wakati FlashFloppy inasoma mafaili ya kawaida ya.img kwenye flashi ya FAT32.

#4 – Kamba na Taa

Asante sana Mlehemu. Kwenye Gotek nimeona vijumpa (vifuniko vidogo vya pini za kuchagulia) vya S0, S1 na MO. Kipi kwa Express? Na flashi ya GB 32 itakubalika?

#5 – Mlehemu

Usikisie, soma kiendeshi unachokitoa na kebo yake. Kebo ya flopi ikiwa na msokoto wa nyaya saba karibu na mwisho, ni mtindo wa PC na jumpa huwa S1. Kebo ikinyooka mwanzo hadi mwisho, anza na S0. Ukikosea hakuna kinachoungua, konsoli itasema tu kwamba haioni diski. Kinachodhuru ni kuchomeka kebo ya umeme ya pini nne ikiwa imegeuzwa, kwa sababu V 12 itaingia mahali pa V 5. Gotek inatumia V 5 peke yake, waya mwekundu.

Ule ukingo mwekundu wa kebo pana ni pini ya 1. Ukiigeuza, taa ya kiendeshi itawaka muda wote bila kuzima. Zima, geuza, basi.

Kwenye mzizi wa flashi weka faili la maandishi liitwalo FF.CFG lenye mistari hii:

`interface = ibmpc`
`nav-mode = indexed`

Mstari wa kwanza unaifanya pini ya 34 itoe ishara ya "diski imebadilishwa" kama PC inavyotarajia. Bila hiyo konsoli inaweza kuendelea kuamini diski ya zamani bado iko ndani, na hapo ndipo mtu huhifadhi juu ya onyesho la mwenzake. Mstari wa pili unapanga taswira kwa namba: DSKA0000.img, DSKA0001.img na kuendelea. Kila taswira ichukulie kama diski moja yenye onyesho moja, na ubandike karatasi kwenye konsoli: namba hii, onyesho hili.

Flashi ya GB 32 inatosha kupita kiasi. Nunua mbili, ya pili iwe nakala, ikae mbali na ukumbi.

#6 – Bi Konsoli

Niongeze kuhusu betri na kuhusu kutoa data nje kabisa ya konsoli.

Betri ya kumbukumbu ikiisha, konsoli husahau onyesho na mipangilio kila ikizimwa. Kabla ya kuigusa, hifadhi kila kitu kwenye taswira mbili tofauti, uzisome tena ndipo uendelee. Kisha tambua aina yake. Betri bapa ya lithiamu kwenye kishikio unabadilisha kwa namba ileile iliyoandikwa juu yake. Lakini kwa wenye konsoli nyingine za miaka ya 80 na 90 wanaosoma uzi huu: mapipa madogo ya NiCd ya V 3.6 yaliyolehemiwa kwenye bodi huvuja, na maji yake ni alkali inayokula nyuzi za shaba. Kata betri, pangusa kwa siki nyeupe kuua alkali, suuza kwa alkoholi, kausha. Ukiweka lithiamu mahali pa NiCd lazima uweke dayodi ya Schottky mfululizo ili sakiti ya kuchaji isiisukumie umeme. Lithiamu ya kawaida ikichajiwa inaweza kupasuka.

Kuhusu data: ETC walikuwa na programu ya Expression Off-Line inayofungua onyesho la familia ya Expression na Express kwenye kompyuta na kulitoa kama maandishi ya USITT ASCII. Huo ni mfumo wa pamoja wa konsoli, na Eos, konsoli za ETC za leo, zinaupokea. Fanyeni hivyo sasa hivi hata kama hamna Eos. Pachi, kyu (hatua za taa zilizohifadhiwa), muda wake, makundi na sabmasta vitavuka. Efekti na makro msizitegemee, ziandikeni kwa mkono. Konsoli ikifa siku ya onyesho, mtu mwenye kompyuta ya mkononi na ufunguo wa ETCnomad (Eos inayoendeshwa kwenye kompyuta) anaweza kuinua kyu zenu jioni hiyohiyo. Bila ufunguo programu inafunguka lakini haitoi DMX.

#7 – Anwani512

Sasa mpepeso wa DMX, baada ya umeme wa LED kunyooshwa kama alivyosema Fundi Dima.

Waya. DMX ni RS-485 ya kasi ya kilobiti 250 kwa sekunde, inataka waya wa omu 110 hadi 120. Waya wa maikrofoni una upinzani wa chini na kapasitansi kubwa, unazungusha kingo za ishara. Mita kumi utadhani ni mzima, mita sitini taa ya mwisho inacheza. Pini: 1 ni kinga, 2 ni data hasi, 3 ni data chanya. Adapta ya pini 5 kwenda 3 ni moja kwa moja, 1-1, 2-2, 3-3, na kinga isiguse ganda la plagi. Angalizo: baadhi ya taa za zamani za Martin zina 2 na 3 zilizogeuzwa, zinahitaji adapta ya kuvuka.

Tundu la pini 3 lina hatari moja zaidi: mtu akilichanganya na laini ya maikrofoni yenye V 48, chipu ya kutoa DMX ndani ya konsoli huungua. Pakeni rangi plagi zote za DMX.

Tamineta, kizuizi cha ishara isirudi nyuma. Rezista ya omu 120, robo wati, kati ya pini 2 na 3 kwenye taa ya mwisho pekee. Ili kuhakiki, zima taa zote, chomoa kebo kwenye konsoli, pima pini 2 na 3 za kebo hiyo kwa mita. Karibu omu 120 ni sawa. Karibu 60, kuna tamineta mbili, pengine taa moja ina swichi ya tamineta imeachwa. Maelfu ya omu, hakuna tamineta au waya umekatika.

Spilita, yaani kigawaji cha ishara. Usipitishe mnyororo mmoja kwenye dima kisha LED. Weka spilita yenye utengano wa opto (ishara inavuka kwa mwanga, si kwa waya): tawi moja kwa dima, jingine kwa LED. Raki ya dima na LED zikiwa kwenye fezi tofauti, ethi zake hutofautiana volti kadhaa, na tofauti hiyo inapita kwenye pini 1 hadi kwenye konsoli. Kifaa kimoja kikiungua huchukua na wenzake. Opto ndiyo inayokata njia hiyo.

Pakiti za ajabu. Hili husahauliwa sana. Pakiti ya DMX huanza na msimbo wa kuanzia, na taa inatakiwa kusikiliza pakiti zenye sifuri tu. LED za bei ya chini hazisomi msimbo huo, kila pakiti wanaichukua kama viwango vya mwanga. Express haitumi RDM (mawasiliano ya pande mbili na taa kupitia waya wa DMX), ila mkishaweka nodi (kifaa kinachounganisha DMX na mtandao wa kompyuta) au spilita ya kisasa katikati, yenyewe inaweza kutuma RDM, ambayo msimbo wake ni CC. Taa inatafsiri maswali ya RDM kama rangi na kumweka kila sekunde chache. Ingia kwenye mipangilio ya nodi, zima RDM kwenye mlango wa LED.

Mwisho, kupima kama mlango wa konsoli uko hai bila kifaa cha DMX: weka mita kwenye V DC, chanya pini 3, hasi pini 2. Anwani zote zikiwa sifuri kila baiti ina biti tisa chini na mbili juu, hivyo wastani ni hasi. Zote zikiwa juu kabisa ni biti moja chini na kumi juu, wastani unageuka chanya. Mita ikibadilisha alama, chipu inatuma. Ikiganda palepale, chipu ya familia ya 75176 ndiyo ya kushukiwa kwanza. Pini zake ni nane, na ukibadilisha weka soketi ili safari ijayo usilehemu tena.

#8 – Fundi Dima

Kipimo hicho kizuri, ila kwa Express 250 kina mtego. Chaneli ni 250, anwani za mlango mmoja ni 512. Pachi ikiwa moja kwa moja na ukapandisha chaneli zote, anwani 262 zinabaki sifuri na wastani unakaribia sifuri. Mtu atadhani mlango umekufa. Tengeneza onyesho la majaribio lenye anwani 1 hadi 512 zote kwenye chaneli ya 1. Kitelezi kimoja, jibu moja. Lihifadhi kwenye taswira yake ya Gotek, mtalihitaji tena.

#9 – Pazia

Nije kwenye rangi na chaneli. Express ina anwani 1024 kwenye milango miwili, lakini chaneli 250 tu za kuzishika. Wingi wa anwani haukusaidii, unachobana ni chaneli. Kwa hiyo ziweke LED kwenye modi fupi. Modi ya chaneli 7 ina strobu, makro na kasi ambazo kwenye mchezo wa jukwaani hamzihitaji, na chaneli ya makro ikiguswa kwa bahati mbaya taa inaanza kucheza disko katikati ya kifo cha mfalme. Tumia modi ya chaneli 4: mwanga, nyekundu, kijani, bluu.

Anwani: dima ziko 1–24. LED zianze 301. Taa ya n inakaa 301 + 4 × (n − 1): ya kwanza 301, ya pili 305, ya kumi na mbili 345. Acha nafasi kati ya 24 na 301 kwa makusudi, raki ya pili ikija isilazimishe kupanda ngazi kubadilisha anwani za taa.

Kisha pachi kwa kanda badala ya taa moja moja. Kanda ya kushoto ni taa 1 hadi 4:

mwanga 301, 305, 309, 313 → chaneli 101
nyekundu 302, 306, 310, 314 → chaneli 102
kijani 303, 307, 311, 315 → chaneli 103
bluu 304, 308, 312, 316 → chaneli 104

Kati ziwe 111–114, kulia 121–124. Taa kumi na mbili, chaneli kumi na mbili. Namba zinazoishia 1 zote ni mwanga, 2 nyekundu. Opereta mgeni anazishika kwa dakika tano.

Kuruka kwa mwanga ni hesabu. DMX ya biti 8 ina hatua 256. Ukififisha kutoka asilimia 10 hadi sifuri kwa sekunde 20, una hatua kama 26, kila moja karibu sekunde 0.8. Uzi wa halojeni ni mzito, unazilainisha hatua hizo wenyewe. LED haina uzito, inaonyesha kila moja. Ingia menyu ya taa yenyewe, tafuta mpangilio wa kasi ya dima au mwitiko, chagua wa taratibu zaidi au wa kuiga halojeni. Kama taa ina mkunjo wa mraba (square law), chagua huo. Modi ya biti 16 achana nayo kwenye konsoli hii.

#10 – Kamba na Taa

Pachi ya kanda nimeielewa vizuri. LED nimezihamishia kwenye laini ya moja kwa moja kupitia fundi umeme, na mpepeso wa wakati wa kufifia umekwisha. Lakini nikishusha grandmasta (kitelezi cha taa zote) nusu, LED zinafifia zaidi ya halojeni, na rangi inaelekea kubadilika.

#11 – Bi Konsoli

Ni lazima iwe hivyo. Grandmasta inashusha kila chaneli ikidhani zote ni taa. Mwanga unashuka hadi asilimia 50, na nyekundu nayo 50, taa inazidisha: 0.5 × 0.5, unapata asilimia 25. Rangi iliyochanganywa nayo inapotoka kwa sababu kila LED ndani ya taa ina mkunjo wake chini.

Ziweke chaneli za rangi zote (102–104, 112–114, 122–124) kuwa chaneli huru kwenye mipangilio ya konsoli, zisiguswe na grandmasta wala kitufe cha kuzima jukwaa. Za mwanga ziache kawaida.

Jambo la pili ni sabmasta. Express hufuata kanuni ya kiwango cha juu kinashinda. Sabmasta ya nyekundu ikiwa juu na ya bluu ikipandishwa, hupati bluu, unapata zambarau. Kwenye dima kanuni hiyo ni nzuri, kwenye rangi si rafiki. Sabmasta zibebe mwanga tu. Rangi ziendeshwe na kyu.

Na kuruka kwa rangi kati ya matukio: konsoli hii haitayarishi rangi gizani yenyewe. Itengenezee. Kati ya kyu 4 na kyu 5 weka 4.5 yenye rangi mpya, mwanga wa LED sifuri, muda 0, ifuate kyu 4 yenyewe baada ya kufifia kumalizika. Kyu 5 ipandishe mwanga pekee. Kazi ni ya mkono, lakini hadhira haitaona nyekundu ikipita kwenye zambarau kuelekea bluu.

#12 – Anwani512

Mkitaka rangi ya taa moja moja bila kumaliza chaneli, tumieni mlango wa pili wa DMX kama rimoti.

Mlango wa 1 unabaki kwa dima moja kwa moja kupitia spilita. Huo usiupitishe kwenye kompyuta kamwe. Mlango wa 2 uende kwenye nodi inayopokea DMX, kwa mfano ENTTEC ODE Mk3 au eDMX ya DMXking, na nodi iutoe kama sACN (DMX inayosafiri kwenye mtandao). Kompyuta yenye QLC+, programu ya bure ya kuendesha taa, inaupokea kama ingizo. Ndani ya QLC+ unaunganisha anwani ya 1 na tukio "machweo", ya 2 na "usiku", na kadhalika. Kitelezi kimoja cha Express kinainua mchanganyiko wa taa 12 zenye rangi tofauti, na matokeo yanatoka kwenye mlango wa pili wa nodi kwenda kwenye LED. Kwa mpango huu anwani za LED zinahamia yunivasi (kundi la anwani 512) ya QLC+.

Mtandao: swichi ndogo ya waya, anwani za IP zisizobadilika, mfano 192.168.1.10 ya nodi na 192.168.1.20 ya kompyuta, barakoa 255.255.255.0. Wi-Fi ya kompyuta zimeni. sACN ya multikasti inapita UDP 5568, na ruta za nyumbani huishughulikia vibaya hewani. Art-Net, mfumo mwingine wa aina hiyo, inatumia 6454. Chagueni moja, msiwashe zote mbili kwenye nodi.

Kompyuta ikiganda, sACN ikikosekana kwa sekunde 2.5 nodi huhesabu chanzo kimepotea. Mipangilio yake iwe "shikilia picha ya mwisho", isiwe "zima". Afadhali jukwaa libaki na rangi ya tukio lililopita kuliko giza.

Faida nyingine ya nodi: inazalisha upya muda wa pakiti. DMX ya 1986 iliruhusu alama ya mikrosekunde 4 baada ya mapumziko, toleo la 1990 likaifanya 8. Kuna konsoli kongwe kuliko Express ambazo vipokezi vya leo havizisikii kwa sababu hiyo tu, na nodi inayoweza kuzisoma inazitibu bila kufungua kitu.

#13 – Pazia

Na QLab iliyo kwenye sauti inaweza kubonyeza kyu za taa. Express ina MIDI na inaelewa MIDI Show Control (MSC), amri za maonyesho zinazopita kwenye MIDI. Mnahitaji kiunganishi cha USB-MIDI chenye plagi ya DIN pini 5 na kebo isiyozidi mita 15. Kwenye konsoli washa MSC na uchague namba ya kifaa, tuseme 1. Kwenye QLab tengeneza kyu ya MIDI aina ya MSC, muundo wa taa, amri ya GO, kifaa 1, kyu 12. Kinachosafiri ni hiki:

`F0 7F 01 02 01 01 31 32 F7`

31 na 32 ni herufi "1" na "2". Konsoli isipojibu, angalia namba ya kifaa kwanza: ile 01 ya baiti ya tatu lazima ilingane. Kisha hakikisha kebo imetoka OUT ya kiunganishi kwenda IN ya konsoli. Na opereta wa taa abaki na kidole kwenye GO yake, maana mwigizaji akiruka ukurasa QLab haitajua.

#14 – Mlehemu

Vitelezi vinavyotetemesha: ni vumbi na oksidi kwenye njia ya kaboni. Zima, toa kofia ya kitelezi, pulizia kidogo dawa ya kusafishia vitelezi (DeoxIT F5 imetengenezwa kwa kazi hiyo), sukuma juu na chini mara thelathini, acha saa moja. WD-40 hapana, inaacha mafuta yanayokusanya vumbi na kulainisha plastiki. Kisipopona, toa mguu mmoja wa kitelezi kwenye bodi na upime omu kutoka mguu wa kati huku ukisukuma: namba ziongezeke bila kuruka. Zikiruka, njia imelika. Pima urefu wa mwendo, thamani, na mpangilio wa miguu kabla ya kuagiza. Kiwe cha aina ya linear, kinachoongezeka sawasawa. Cha sauti kina mkunjo wa logi na kitabana mwanga wote kwenye robo ya mwisho.

Pawa saplai: kapasita za elektroliti ndizo zinazozeeka. Konsoli ikijiwasha upya yenyewe au kioo kikicheza, pima V 5 chini ya mzigo: iwe kati ya 4.75 na 5.25. Ikishuka, badilisha kapasita kwa za nyuzi 105, ESR (upinzani wa ndani) ndogo, volti sawa au zaidi. Upande wa kuingilia una karibu V 325 DC na hubaki na chaji baada ya kuchomoa; asiyezoea kazi hiyo ampe fundi. Konsoli iliyotoka Marekani isomwe kibandiko cha nyuma kabla ya kuchomekwa: ikisema 120 pekee, inahitaji transfoma ya kushusha yenye VA angalau mara mbili ya zilizoandikwa.

Kwa kuwa mko pwani: chumvi hukaa kwenye plagi za kebo za ndani. Kila miezi sita chomoa na kuchomeka tena kila kebo pana mara tatu, hapo mguso unajisafisha. Funikeni konsoli kwa kitambaa cha pamba. Nailoni inafungia unyevu ndani.

#15 – Kamba na Taa

Gotek imekubali kwa S1, maonyesho yote yako kwenye flashi mbili na ASCII iko kwenye kompyuta. Imebaki kioo: kile cha CRT kinazidi kuwa cheusi. Kioo cha kisasa chenye HDMI pekee kitafaa?

#16 – Bi Konsoli

Express inatoa VGA ya pini 15, kwa hiyo rahisi zaidi ni LCD iliyotumika yenye tundu la VGA. Ofisi zinazihama kila siku. Zenye umbo la 4:3, inchi 17 au 19, zinaonyesha herufi bila kuzinyoosha. Kama lazima HDMI, nunua kigeuzi cha VGA kwenda HDMI chenye kebo yake ya USB ya umeme, kwa sababu pini za VGA za konsoli za zamani mara nyingi hazitoi V 5 ya kukilisha. Kigeuzi cha mwelekeo wa HDMI kwenda VGA kinafanana nacho kwa sura na hakitafanya kazi. Soma maandishi kwenye plagi.

Wenye konsoli kongwe zaidi zenye tundu la pini 9: hiyo si VGA. Mawimbi yake ni ya kidijitali ya kHz 15.7 au 18.4, wakati LCD nyingi huanzia 31.5. Adapta ya pini tu haitoshi, mnahitaji kigeuzi cha kweli kama MCE2VGA, au RGBtoHDMI inayotumia Raspberry Pi Zero.

Kamba na Taa, ukishaweka kioo, piga picha kurasa zote za pachi na mipangilio, uzihifadhi pamoja na zile taswira.